Nilituma Kwenye Grupu

Jumamosi moja mwaka jana tulimzika mama mjane wa hapa Masaki tukiwa washarika 11, mchungaji akiwamo. Idadi tunaijua kwa sababu tulihesabiana wakati wa kubeba jeneza tukaona hatutoshi kupokezana mpaka makaburini. Waliotuokoa ni majirani zetu Waislamu. Walikuwa wengi kuliko sisi, walichimba kaburi tangu asubuhi, na ndio walioshika machepe mpaka mwisho huku sisi tukitafuta mtu wa kuanzisha wimbo. Mwanakwaya hata mmoja hakuwapo. Wanakwaya walikuwa ndani ya kosta mbili zilizoondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam, kwenye harusi ya kijana aliyezaliwa hapa na kuhamia mjini zamani.

Harusi ile haina kosa. Bwana Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, wala hakuna andiko linalotuambia tununue kununa pale wenzetu wanapofurahi. Lakini Jumapili tulipoulizana imekuwaje, kila mtu alikuwa na jibu. Aliyepaswa kutangaza msiba alisema, "Nilituma kwenye grupu." Aliyepaswa kuja alisema, "Sikuona kwenye grupu." Na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Tulifungua simu tukatazama. Ujumbe wa msiba uliingia Alhamisi usiku, mistari miwili. Chini yake watu watatu waliweka alama ya mikono iliyoshikana. Halafu ikaingia nauli ya kosta, rangi ya sare, mtu anauliza kama nafasi zimebaki, picha ya kadi ya mwaliko, mwingine anakumbusha waliokuwa hawajamaliza ahadi zao, na katikati ya yote hayo mahubiri marefu ya mhubiri wa mbali ambaye hajui Kisarawe iko wapi. Kufikia asubuhi, marehemu alikuwa amezama. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyekaa kikao akasema huyu azikwe na watu 11. Jambo lilitokea lenyewe, na hilo ndilo linalotutia hofu kuliko kama angekuwapo mtu mbaya wa kumlaumu.

Kwa hiyo tunaandika kuyapinga maneno hayo matatu: nilituma kwenye grupu. Tunasema kwamba hayo si taarifa bali ni kujivua mzigo, na kwamba usharika unaoiachia simu iamue nani aende kwa nani umeitoa mikononi mwake kazi ambayo mitume waliona inastahili kuwekewa mikono na kuombewa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hawaioni kuwa ni kazi. Jumamosi ni moja na watu ni walewale. Siku hiyohiyo panaweza kuwa na mazishi, harusi, mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kutoka hospitali, harambee ya mtaa wa jirani na mafundisho ya kipaimara. Mengine yako mbali yanahitaji nauli, mengine yanaangukiana saa ileile. Mazishi ya mzee mwenye watoto kumi hayahitaji watu wa kuombwa, uwanja hujaa wenyewe. Mazishi ya mama asiye na mtoto yanahitaji kila mtu atakayepatikana. Kuwagawa watu wachache kwenye mahitaji mengi namna hiyo ni mgawanyo, kama mgawanyo wa chakula wakati wa njaa, na penye mgawanyo pana haki na pana dhuluma. Asiyetaka kugawa hajaepuka dhuluma. Amemwachia mwingine aifanye kwa niaba yake.

Na huyo mwingine, siku hizi, ni mashine.

Sisi wa Masaki tuna namna yetu ya kulijua hili. Andika jina la kijiji chetu kwenye simu uone utakachopewa. Utapewa Masaki ya rasi ya Msasani, yenye hoteli, mabalozi na upepo wa bahari. Utaonyeshwa pa kula usiku huu, muziki uko wapi, nani anazindua nini. Masaki hii yetu, ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, mpaka uongeze maneno mawili matatu ndipo ijitokeze. Tunataniana kwamba tumeporwa jina. Lakini hakuna mtu wa Msasani aliyetupora. Mashine imehesabu wanaotafuta kule, imewakuta wengi, ikaamua kwamba anayesema Masaki anamaanisha kule; na kwa kuwa inawaonyesha wote kule, kesho wanaotafuta kule wanazidi. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi, na inafanya kwa matukio kama inavyofanya kwa majina ya mahali.

Tuwe wakweli kwa WhatsApp. Ndani ya grupu haichagui ujumbe wa nani uonekane. Kila ujumbe unakaa kwa zamu yake uliyoingia. Lakini mwenye kuandika mara hamsini anamfunika aliyeandika mara moja, na grupu lenye kelele hupanda juu ya orodha huku lililonyamaza likishuka. Harusi ina grupu lake, ina kamati, ina maadmini watatu wa kukumbusha asubuhi na jioni. Mjane hakuwa na kamati. Mwaka 2016 grupu moja lilikuwa halizidi watu 256. Tangu mwaka 2022 linaweza kubeba 1,024. Tulishangilia kwamba sasa usharika mzima unaingia. Hatukufikiri kwamba kadiri grupu linavyokua ndivyo sauti ndogo inavyozama haraka.

Facebook na Instagram ni jambo jingine, maana huko mashine inachagua waziwazi. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba kuanzia hapo Facebook itatanguliza habari zinazowafanya ndugu na marafiki wazungumze. Lilikuwa tangazo zuri kulisikia, hata mhubiri angeweza kulisema. Lakini mashine haijui mazungumzo ni nini; inajua kuhesabu maoni na vidole. Habari iliyochangiwa na wengi inapelekwa kwa wengi zaidi, isiyochangiwa inaachwa pale ilipo. Mwaka 2021 aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, Frances Haugen, alitoa nje nyaraka za ndani na kutoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani, akaeleza kwamba kanuni hiyo ilikuwa inazipa nguvu habari za kukasirisha, kwa sababu hasira nayo huleta maoni. Sisi tunaongeza neno moja dogo kutoka kijijini: keki nayo huleta maoni. Sare za kitenge huleta maoni. Chumba cha mgonjwa chenye giza hakipigwi picha, na kikipigwa hakuna anayejua aandike nini chini yake.

Wapo watakaosema kwamba mashine haina upendeleo kwa kuwa haina moyo. Wasikilize hili. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walilipia matangazo ya kazi kwenye Facebook. Hawakuchagua jinsia ya watakaoyaona, wala rangi yao. Walimwachia mtandao awatafute watu. Matangazo ya kazi za mbao na magogo yakawafikia wanaume kwa asilimia 90. Matangazo ya kazi ya keshia wa supamaketi yakawafikia wanawake kwa asilimia 85. Mashine ilikuwa imekisia nani atavutiwa na nini kutokana na waliotangulia, ikawapelekea walewale, na wengine hawakujua hata kwamba kazi zilitangazwa. Hakuna aliyewanyima kazi. Hawakuitwa tu. Mtu asiyeitwa hawezi kulalamika, kwa sababu hajui karamu ilikuwapo.

Mwaka 1968 msomi mmoja wa mambo ya jamii, Robert Merton, aliandika juu ya wanasayansi. Aliona kwamba mwenye jina kubwa akifanya kazi pamoja na mwenye jina dogo, sifa nyingi humwendea mwenye jina kubwa, na sifa hizo humletea nyingine. Akaliita jambo hilo kwa jina la Mathayo, akikumbuka mfano wa talanta, mahali ambapo mwenye kitu anaongezewa na asiye nacho ananyang'anywa. Tangu hapo jina la mwinjili limebaki kwenye vitabu vya wasomi kama jina la utaratibu wa kumjazia aliyejaa. Sisi tunaosoma Mathayo kila mwaka tungepaswa kuona aibu kidogo. Bwana alikuwa anasema juu ya watumishi waliokabidhiwa mali na mmoja akaifukia. Hakuwa anatoa kanuni ya kugawa waombolezaji. Katika sura hiyohiyo, mistari michache mbele, anasema juu ya wenye njaa, wageni na wagonjwa, na hukumu inawaangukia watu ambao hawakufanya ubaya wowote ila hawakwenda. Utetezi wao ni kwamba hawakumwona. Sisi tungesema hatukuona kwenye grupu.

Hoja kubwa tunayojibiwa ni hiari. Tunaambiwa kwamba Mkristo hasukumwi, kila mtu aende moyo unapomtuma. Linasikika kama neno la kiroho sana. Basi tuulize: mbona kufagia kanisa kuna zamu? Mbona maua ya madhabahuni yana zamu, wapokea sadaka wana zamu, ibada ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba kwa zamu na nyumba haisahauliki? Hayo hatukuyaachia moyo kwa sababu tulijua moyo utaiacha sakafu na vumbi. Sakafu tumeiwekea ratiba. Mjane tumemwachia hiari.

Tena hiyo hiari si huru kama inavyojisema. Kila nyumba hapa ina daftari la michango, tusifichane. Limeandikwa nani alitoa nini mtoto wetu alipoolewa, nani alikuja, nani alileta mchele. Kadi ikija tunafungua daftari kabla ya kufungua pochi. Watu wa kosta zile mbili wengi wao walikuwa wanalipa deni: wazazi wa bwana harusi walishachangia kwao. Hatulaumu kulipa deni. Lakini mama tuliyemzika hakuwahi kuwa na kitu cha kuchangia, kwa hiyo hayumo kwenye daftari la mtu, kwa hiyo hakuna aliyemdai wala aliyedaiwa naye, kwa hiyo moyo haukumtuma mtu. Yesu alilisema jambo hili mezani kwa Farisayo, Luka ameliandika katika sura ya 14: ukifanya karamu usiwatafute wanaoweza kukulipa, watafute wasioweza. Tumelisoma mara nyingi kama neno juu ya ukarimu. Lisome kama neno juu ya orodha ya wageni, maana ndivyo lilivyo. Bwana anaingilia orodha. Haiachi iende yenyewe.

Majirani zetu Waislamu wana neno ambalo sisi hatuna, nalo ni faradhi kifaya. Kumwosha maiti, kumsalia na kumzika ni wajibu uliowekwa juu ya jamii nzima. Wakipatikana wa kutosha kuutimiza, waliobaki wamesalimika; wasipopatikana, kosa ni la wote, hata la aliyekuwa hana habari kwa uzembe wake. Hawakuja kwa mjane wetu kwa hukumu hiyo, kwa kuwa hakuwa wa dini yao. Walikuja kwa ujirani. Lakini mtu aliyelelewa na fundisho la namna ile hazoei kuuliza kama tangazo lilionekana. Anauliza kama watu wametosha. Swali hilo, je, wametosha, halikuulizwa na msharika hata mmoja kati ya Alhamisi usiku na Jumamosi mchana. Tuliliuliza tukiwa tayari tumeshika jeneza.

Kanisa la kwanza lililiuliza. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaanza na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Angalia kwamba Luka hasemi walinyimwa. Walisahauliwa, utaratibu uliwapita. Mitume hawakujibu kwamba tangazo lilitolewa hekaluni na kila mtu alisikia. Hawakusema kila mjane ajitahidi kuwa karibu na meza. Waliitisha mkutano wa wanafunzi wote, wakataka watu saba wenye sifa njema wawekwe juu ya jambo hilo. Na majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo mpaka Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni majina ya Kiyunani. Kalamu ya mgawo ilipelekwa upande wa waliokuwa wanasahauliwa. Sisi kalamu tumeipeleka kwa wenye simu janja na bando la kutosha, halafu tunashangaa kwamba wenye kitochi hawafikiwi.

Hatusemi simu zitupwe. Kijana wetu aliyepata ajali ya bodaboda mwaka ule alipata damu kwa sababu ya grupu, ndani ya saa chache, na hakuna kengele ambayo ingeifanya kazi hiyo. Michango inayotumwa kwa simu imewafikia wagonjwa kabla sisi hatujavaa viatu. Simu ni mjumbe mzuri. Tunachokataa ni mjumbe kugeuka mzee wa kanisa. Na tukitaka kulinganisha wajumbe, kuna lile rimu la gari lililotundikwa mwembeni tunaloliita kengele. Likigongwa alfajiri kwa mapigo ya msiba, anasikia mwenye simu na asiye na simu, anasikia hata asiyetaka. Rimu halina bando wala halimjui tajiri. Limepata kutu kwa sababu tumeona ni la kizamani.

Kuna upande mwingine wa dhuluma hii unaosemwa kidogo, nao ni upande wa wanaokwenda. Katika kila jumuiya wako akina mama wanne au watano ambao kila msiba wako, kila mgonjwa wako, sufuria zao zimekwisha kwa kuazimwa. Hao ndio wanaojibu ujumbe, na kwa kuwa wanajibu ndio wanaotumiwa ujumbe wa pembeni: "Mama, tunakutegemea." Wema wao umekuwa sababu ya kupewa mzigo wa wengine mia. Miongoni mwa wale 11, akina mama hao walikuwamo wote. Mmoja alikuwa ametoka kuuguza usiku kucha. Mgawanyo usiopangwa unamwonea anayesahauliwa na unamwonea pia anayekumbuka.

Tukiulizwa kama haki katika jambo la namna hii inawezekana, tunajibu kwamba watu wa nje ya kanisa wameifanyia kazi kwa bidii ya kututia haya. Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, walionyesha kwa hesabu jinsi ya kuwaoanisha watu na nafasi, kwa mfano wanafunzi na vyuo, mwisho pasibaki mtu na nafasi waliokuwa wanatakana kuliko walichopangiwa. Madaktari wapya wa Marekani walikuwa tayari wanapangiwa hospitali kwa utaratibu wa pamoja tangu mwaka 1952. Mwaka 2012 Shapley na Alvin Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Hata hapa nyumbani, wanafunzi wa kidato cha tano hupangwa shuleni kwa utaratibu wa taifa. Tunaulalamikia, lakini hakuna aliyependekeza watoto watumiwe ujumbe kwenye grupu na wa kwanza kufika apate dawati. Wenye kuwapanga madaktari walijua kwamba ukiacha kila hospitali igombanie, kila moja itawawahi vijana mapema zaidi na zaidi kabla hawajamaliza masomo. Bwana alishasema kwamba wana wa dunia hii huwashinda wana wa nuru kwa busara. Hapa wametushinda.

Lakini Biblia nayo ina hesabu zake. Kitabu cha Hesabu sura ya 26, nchi inagawanywa. Kuna amri mbili pale, na watu hupenda kuisoma moja. Kabila kubwa lipewe eneo kubwa, dogo lipewe dogo: hiyo ni kupima mahitaji. Tena nchi igawanywe kwa kura: hiyo ni kumfunga mikono mkubwa asichague mahali pazuri. Mahitaji yakipimwa bila kura, mpimaji atajipendelea. Kura ikipigwa bila kupima mahitaji, kabila la watu wengi litabanwa kwenye bonde dogo. Zote mbili pamoja ndizo zilizotunza amani. Zakaria baba yake Yohana aliingia kufukiza uvumba kwa kura, ndani ya zamu ya kikundi chake. Mathiya alipatikana kwa kura, baada ya watu kuwekewa sifa kwanza. Babu zetu katika imani hawakuona haya kutumia utaratibu pale ambapo macho ya mtu yangeweza kupendelea.

Tulichokipeleka kwa wazee wa kanisa ni kidogo kwa kulinganisha na hayo. Kaunta buku moja. Kila jumuiya itoe mtu mmoja, na wasiopungua wawili kati yao wawe watu wasio na simu janja. Wakutane Alhamisi jioni, waandike matukio yote ya Jumamosi na Jumapili, kila moja na umbali wake na saa yake, na wajiulize kila moja linahitaji watu wangapi ili mwenye shida asiaibike. Misiba na wagonjwa wajazwe kwanza. Aliyekwenda wiki iliyopita apumzike, hata kama ni mwepesi wa kuitika. Hasa kama ni mwepesi wa kuitika. Panapopungua, kura ipigwe kwa majina ya waliobaki. Kosta ya harusi isiondoke na kwaya nzima wakati jeneza linasubiri sauti. Wabaki hata wanne, na harusi itaimbwa na waliokwenda. Baada ya hapo ndipo simu ipewe kazi yake ya kupeleka majina, na rimu ligongwe.

Tumejibiwa kwamba huu ni utawala wa kijeshi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema upendo ukiandikwa kwenye daftari unakoma kuwa upendo. Tulimwuliza kwa adabu kama ndoa yake haikuandikwa. Alicheka, lakini hakukubali, na hatudhani amekosea kabisa. Ipo hatari kwamba mtu atakwenda msibani kutimiza zamu, atakaa chini ya turubai akitazama saa, ataondoka. Tunaipokea hatari hiyo. Mjane aliyezikwa na watu 40 ambao 20 kati yao wanatazama saa amebebwa mpaka kaburini bila jeneza kuwekwa chini njiani. Wa kwetu liliwekwa chini mara tatu.

Mwingine alisema tungoje, kuna kijana anatengeneza programu ya simu ya kupanga mambo hayo yote. Na afanye, tutamshukuru. Ila tutamwuliza maswali yaleyale: imepima nini, imemsahau nani, na bibi asiye na simu ataingia kwa mlango upi.

Kaunta buku limenunuliwa. Wazee walikubali lijaribiwe miezi mitatu, kwa kura ambayo haikuwa nene. Jumamosi ijayo lina matukio mawili. La kwanza ni sendofu hapo Kisarawe mjini, na majina yaliyojiandikisha yenyewe ni 31. La pili ni baba aliyerudishwa kutoka hospitali ambako wamesema hawana la kufanya zaidi, anakaa mwisho wa njia kule ambako bodaboda hazifiki mvua ikinyesha. Mpaka tunapoandika ana majina manne, na moja ni la mama yuleyule aliyeuguza usiku kucha. Tumelikata jina lake. Alhamisi tunapiga kura.